Darubini ya babu

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mimi na Idi tunataka kumnunulia babu darubini ya kutazamia ndege. Mjomba Salum, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, tuanzie wapi?

Mjomba Salum: Marahaba wanangu. Mmefanya jambo kubwa. Mzee bado anavaa miwani muda wote?

Zuhura: Muda wote. Akiivua hatambui mtu aliye mlangoni.

Idi: Shikamoo mjomba. Mimi nimeshaipata moja, 20x50. Inavuta mara 20! Ndege atamwona hadi kope.

Mjomba Salum: Marahaba. Hiyo iache Idi. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikivuta mara 20, na mtikisiko wa mkono unakuzwa mara 20. Wewe kijana hutaweza kuituliza bila stendi ya miguu mitatu, sembuse mzee.

Mjomba Salum: Halafu eneo unaloliona linakuwa finyu. Ndege ameshahama tawi, wewe bado unalitafuta tawi lenyewe.

Mama Mkubwa Rehema: Na mkono wa baba siku hizi unatetemeka kidogo.

Mjomba Salum: Ndiyo maana nasema 8x42. Hiyo ndiyo wanayoishika watazamaji ndege wengi, na si kwa mazoea tu. Nyingi zinakuonyesha upana wa kama mita 130 ukitazama umbali wa mita 1,000. Za mara 10 huwa karibu na mita 110. Jaribu kumfuata mbayuwayu akiwa anaruka, utaijua tofauti.

Idi: Kwa hiyo 10x42 haifai kabisa?

Mjomba Salum: Inafaa sana kwa bata walio katikati ya ziwa au mwewe aliye juu angani, mkono ukiwa imara. Kwa mzee, nane.

Mama Mkubwa Rehema: Na mwanga je? Baba hutoka alfajiri, jua halijachomoza vizuri.

Mjomba Salum: Hilo ni la maana dada. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25. Hizo ni milimita, upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Gizani mboni hutanuka, ila ya mzee haitanuki kama ya kijana, hivyo 5 na kitu inamtosha. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinatoa 2.5 tu. Mchana hazina neno. Alfajiri utaona umbo la ndege, rangi hupati.

Zuhura: Basi tuchukue 8x42 yoyote?

Mjomba Salum: Hapana! Sasa ndipo inapokuja ile miwani. Someni maelezo, mtafute umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaiona picha nzima. Kwa mvaa miwani uwe milimita 16 au zaidi. Ukiwa mfupi ataona katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Na vile vikombe vya mpira vya kuegemeza macho viwe vya kuzungusha, ili avishushe kabisa akiwa na miwani yake.

Mjomba Salum: Kwangu mimi hili linazidi hata suala la kuvuta. Darubini nzuri isiyolingana na macho ya mwenyewe hukaa kabatini.

Mama Mkubwa Rehema: Isiwe nzito jamani, shingo yake.

Mjomba Salum: Nyingi za 42 zina gramu 600 hadi 800. Mkimnunulia mkanda wa kupita mabegani na mgongoni, shingo haibebi kitu. Ikishindikana, 8x32 ni nyepesi zaidi, ila mwanga unapungua kidogo.

Idi: Nimeona nyingine, lenzi zake nyekundu zinang'aa. Inavuta kuanzia 10 hadi 30.

Mjomba Salum: Acha zote za namna hiyo. Utando ule unarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo rangi za ndege zinapotoka, na kwa ndege rangi ni jambo kubwa. Za kubadilisha ukuzaji nazo, nyingi picha yake ni hafifu na finyu. Tafuteni isiyoingiza maji, iliyojazwa nitrojeni ndani, isipate ukungu kwenye lenzi za ndani.

Zuhura: Tukiishika dukani tuangalie nini?

Mjomba Salum: Tazama kitu cha mbali kwa dakika nzima. Picha mbili ziwe moja bila macho kuvutana. Ukihisi kichwa kinaanza kuuma, irudishe. Kisha tazama kitu kilicho mita 2 au 3 mbele yako, maana ndege wengine wanakuja karibu.

Idi: Nilitaka tumshtukize babu lakini.

Mama Mkubwa Rehema: Mpelekeni mwenyewe Idi. Macho ni yake.

Mjomba Salum: Dada kasema. Na avae miwani ile ile anayotembea nayo. Kabla hajajaribu, Zuhura, ziba lenzi ya mbele ya kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Halafu ziba ya kushoto, arekebishe kwa kile kipete kilicho upande wa jicho la kulia. Baada ya hapo atagusa la katikati tu.

Zuhura: Nimeelewa mjomba. Jumamosi tunaenda naye.

Mjomba Salum: Nami nitakuja na yangu, ajaribu zote mbili kwa pamoja.