Nyota changa zilizofunikwa na vumbi, wanazipataje?

usiku_kigamboni: Wakuu habari za jioni. Juzi umeme umekatika mtaa mzima huku Kigamboni, nikatoka uani na darubini ya mkononi, zile nyota tatu zilizojipanga mstari zilikuwa juu ya utosi kabisa, nikashuka kidogo kusini nikakuta kaukungu ka kijivu, katikati kana vidoa vya nyota. Kucheki naambiwa ndo Nebula ya Orioni, kama miaka ya nuru 1,300 kutoka hapa, na nyota zinazaliwa mle mpaka leo. Sasa zile ambazo bado zimefunikwa na vumbi wanazionaje? Na wanajuaje kidoa ni mtoto wa lile wingu, sio kitu cha mbali huko nyuma kinapenya tu?

BintiKisarawe: Kaka, tanuru la mkaa unalijua? Babu alikuwa akishalifukia na udongo moto huuoni kabisa, ila ukisogeza kiganja joto unalisikia. Vumbi linazuia mwanga wa kawaida, ila infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, inapita, na vumbi la karibu na nyota likipata joto nalo linatoa infraredi. Ndo kazi waliyofanya darubini za angani, Spitzer iliyorushwa 2003, na sasa James Webb.

Mdau_wa_anga: Dada kajibu vizuri, niongezee hilo la pili maana ndo gumu zaidi. Kuna wingu linaitwa L1014, lilikuwa linahesabiwa halina nyota, 2004 Spitzer ikakuta kidoa hafifu sana katikati. Ubishi ukaanza palepale, labda ni cha nyuma. Nyota inayojijenga huwa inavuta gesi lakini nyingine inaitema nje, basi darubini za redio kule Hawaii zikaikuta gesi ya kaboni monoksaidi inatoka palepale kwenye kidoa.

BintiKisarawe: Yaani moshi wa tanuru!

Mdau_wa_anga: Ndo huohuo. Na mwanga wa hicho kidoa sio wa kuunguza haidrojeni kama Jua, bado, ni joto la gesi inayoporomoka na kujibana.

usiku_kigamboni: Hapo kwenye moshi nimeelewa kabisa, asanteni sana. Kwa hiyo na darubini yangu ndo sizipati?

Mdau_wa_anga: Zilizofunikwa hapana mkuu. Ila hivyo vidoa ulivyoviona katikati navyo ni vichanga, kama miaka milioni 1 tu hivi, Jua lina bilioni 4.6, na ndo vinavyoliwasha hilo wingu. Mwezi wa pili saa tatu usiku linakuwa juu kabisa, egemeza viwiko ukutani mikono isitikisike.