Lutesiamu pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili kwa saratani ya tezi dume: je, tuuze shamba?

Mwana wa Kwale
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 71, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa, na sindano za kuzuia homoni hazimsaidii tena. Jamaa zetu walioko Marekani wanashauri tuuze shamba la minazi ili apate lutesiamu, dawa yenye mionzi, na pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kwa pamoja. Je, kuna sababu ya kitabibu ya kuziunganisha?

Muuguzi wa saratani
Marahaba, na pole kwa kuuguza. Sababu ipo. Lutesiamu-177 hubebwa na molekuli inayonasa PSMA, protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo, na kwa kuwa mionzi yake haifiki mbali zaidi ya milimita 2 hivi, huunguza seli iliyonaswa pamoja na majirani zake. Seli zinapokufa humwaga vipande ambavyo askari wa kinga ya mwili wanaweza kuvitambua, na pembrolizumabu huzuia askari hao wasizimwe kupitia protini iitwayo PD-1. Ikitumika peke yake, dawa hii huwafaa wagonjwa wachache mno wa tezi dume, hasa wale ambao vipimo vya jeni vimeonyesha kasoro katika kurekebisha DNA.

Mtaalamu wa picha
Nakubaliana, ila tutenganishe kilichothibitishwa na kinachochunguzwa. Lutesiamu hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 baada ya utafiti wa wagonjwa 831: nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 15.3, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida pekee ilikuwa miezi 11.3. Muungano ulijaribiwa San Francisco kwa wanaume 43, waliopewa dozi moja tu ya lutesiamu na kuendelea na pembrolizumabu. Baadhi yao uvimbe ulinywea vizuri, lakini hawakulinganishwa na waliopata lutesiamu pekee. Kwa hiyo, ndugu yangu, nakusihi msiuze shamba kwa ajili ya muungano huo nje ya utafiti rasmi. Anzeni na picha ya PET ya PSMA, yaani skani inayong'arisha mahali penye protini hiyo mwilini, kwani uvimbe usipong'aa, lutesiamu haina pa kushika.

Mwana wa Kwale
Ahsanteni sana. Shamba litabaki kwanza. Tutaulizia picha hiyo na kipimo cha jeni.

Muuguzi wa saratani
Ulizieni pia vipimo vya damu na figo, kwa sababu lutesiamu hupunguza chembe za damu na mabaki yake hutoka kwa mkojo. Akija kuipata, atarajie uchovu na mdomo kukauka.