Mtoto hataki kula, nimpeleke kwa bibi yake? Naomba ushauri

Mama_Mpakani
Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa miezi 22, tunaishi Busia upande wa Uganda. Siku hizi hataki kula. Namwekea chakula anageuza uso. Amekuwa mnyonge, hachezi na wenzake. Nafikiria kumpeleka kijijini kwa mama yangu, huko muhogo wa shambani upo, akae hadi baada ya mavuno. Kwa umri huo kuna ubaya? Waliowahi kufanya hivyo naomba mnijibu mapema, Jumamosi si mbali.

Fundi_Mbale
Dada, mtoto analelewa na mamake. Mimi niliachwa kwa bibi nikiwa mdogo, mama aliporudi kunichukua nilijificha kwenye ghala la mahindi. Nilimwita "yule mama" mpaka darasa la 3. Fikiria vizuri.

Shangazi_Kasese
Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Mpikie kitobero. Chukua matoke au viazi, maharage au karanga zilizosagwa, mukene aliyetwangwa akawa unga, na dodo (mchicha) kidogo. Funga kwenye jani la mgomba, pika kwa mvuke, halafu ponda. Mukene ndiye yule Wakenya wanamwita omena na Watanzania dagaa. Watu wanamdharau eti chakula cha kuku, na mimi nilikuwa nikimnunua namficha chini ya nyanya kwenye kikapu. Leo nabeba juu.

Boda_Malaba
Mlete kwetu wiki moja tu. Mke wangu hata mgeni aliyeshiba anamlisha mara 2.

Nesi_Mstaafu
Mama, kitobero ni kizuri, lakini kabla hatujafika jikoni: mtoto amepimwa mkono kwa ule utepe wa rangi wa utapiamlo? Utepe ulisoma ngapi? Bado ananyonya? Na hiyo Jumamosi ni ya nini?

Mama_Mpakani
Ananyonya usiku. Jumamosi ndiyo siku niliyomwambia mama, nauli nimeshamlipa dereva. Nilishafikiria sana jambo hili, msidhani namtupa. Kupimwa amepimwa.

Nesi_Mstaafu
Ngapi?

Mama_Mpakani
12.1.

Nesi_Mstaafu
Sentimita 12.1 ni njano, mama, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu na hapo hatungoji hata kesho. Mtoto wa njano anatakiwa kuandikishwa kituo cha afya na kufuatiliwa. Na ukimwachisha ziwa ghafla kwa safari, unamwondolea chakula alichokuwa na uhakika nacho. Muhogo mtupu hautaziba pengo hilo, unajaza tumbo tu. Aliyempima alikuambia nini?

Mwalimu_Tororo
Mimi neno "hataki kula" limenishtua. Shuleni kwetu wazazi wanachanga mahindi na maharage ya chakula cha mchana, maana sheria ya elimu ya 2008 imeweka kulisha mtoto mikononi mwa mzazi. Ambaye kwao hawajaleta, jina lake halimo kwenye orodha. Saa 7 mchana utamwona anakwenda bombani, anakunywa maji, halafu anazunguka nyuma ya madarasa mpaka kengele ilie. Ukimwuliza, tumbo linamuuma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ana njaa. Mama, nyumbani chakula kipo?

Fundi_Mbale
Hapo kwenye orodha za shule mimi nina ugomvi wangu na kamati, siku moja nitafungua uzi.

Mama_Mpakani
Nimekaa na hili swali tangu jana.

Nilimpima mimi mwenyewe. Mimi ni VHT, niko kwenye timu ya afya ya kijiji. Ni kazi ya kujitolea. Utepe ninao, daftari ninalo. Baba yake alikuwa anavusha mizigo kwa baiskeli mpakani, akavunjika mguu. Tunakula jioni tu, posho (ugali) na dodo. Kuku wangu 3 wanataga, mayai nauza ninunue unga.

Kwenye daftari niliandika 12.8. Kijani.

Mwezi wa tano nilisimama chini ya mwembe mbele ya kina mama, nikamwambia mmoja wao kwamba mtoto wa njano ni mama asiyejua kupanga sahani. Nilisema kwa sauti, wenzake wakamgeukia. Sasa nitapitaje na wangu? Kijijini kwa mama hakuna anayenijua kwa kazi hii. Ndiyo maana nauli nimelipa.

Mchunguzi256
Ngojeni kwanza. Ukurasa wa kwanza mtoto anawekewa chakula anageuza uso. Leo chakula hakipo. Jana alikuwa mama wa kawaida, leo ni mhudumu wa afya aliyeghushi daftari. Kila akibanwa anatoa sura mpya. Uzi wa namna hii niliwahi kuufuata mpaka mwisho, ikatoka namba ya simu ya kutumiwa pesa. Hii imetungwa.

Boda_Malaba
Mimi pia nimeanza kusita. Na nilikuwa nimemwambia mke wangu.

Shangazi_Kasese
Muulizeni swali la kazi. Utepe unafungwa wapi?

Mama_Mpakani
Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Utepe ushike ngozi bila kuminya. Sitaki pesa ya mtu, na namba sitaweka. "Hataki kula" ndivyo ninavyowajibu majirani kila siku. Nilipofungua uzi ikatoka yenyewe.

Kaka_Ndejje
Mchunguzi, mimi namwamini kwa sababu hiyo hiyo inayokufanya usimwamini. Mwaka 2020 wakati wa korona, kazi ilipokatika, kila jioni nilikuwa natoa sufuria nje naisugua majirani waone, na haikuwa imepikiwa kitu. Serikali ilipogawa unga wa mahindi kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, jirani yangu mwenye geti na gari alijifungia ndani foleni ikipita. Usiku akabisha, akaniuliza eti maharage yale yanaiva haraka? Tulizungumza maharage dakika kumi nzima. Nikampimia vikombe 4, akayaweka ndani ya koti. Mtu hasemi njaa kwa mara ya kwanza. Anaanza na maharage.

Mchunguzi256
Sawa. Lakini daftari bado ni uongo, na kuna mtu huko juu anahesabu kijani ambayo haipo.

Nesi_Mstaafu
Hilo ni kweli, na wewe mama unalijua. Kesho asubuhi nenda kituoni na mtoto na daftari. Mwambie mkuu wa kituo namba ilivyo. Leo mbonyeze miguu yote miwili kwa kidole gumba, ukiona shimo linabaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, usingoje asubuhi. Na yai moja kila siku lisiende sokoni.

Mama_Mpakani
Hilo la yai linaniuma zaidi ya daftari, kwa sababu lilikuwa mikononi mwangu.

Mama_Mpakani
Miguu haina shimo. Nimetoka kituoni. Wamempima tena, 12.0. Amepewa kadi, turudi wiki ijayo. Mkuu wa kituo alipiga mstari juu ya ile 12.8, akaandika pembeni, akaniambia niweke sahihi. Hakunigombeza.

Kwenye benchi alikuwepo yule mama wa chini ya mwembe. Aliona kadi ya mwanangu. Akasogea, akamhamishia mtoto wake mguu wa pili, nikakaa. Nilitaka kumwomba msamaha lakini wakamwita jina.

Shangazi_Kasese
Atakuwepo wiki ijayo. Na Jumamosi je?

Mama_Mpakani
Dereva amesema nauli hairudishwi. Nimemwuliza kama mama yangu anaweza kuitumia kuja huku.