Las Ketchup walikwenda wapi baada ya Aserejé?

Swali: Ndugu zangu, wimbo wa Aserejé wa mwaka 2002 bado naupenda sana. Je, dada wale wa kundi la Las Ketchup walifanya nini baadaye?

Jibu: Lola, Lucía na Pilar Muñoz ni ndugu wa damu kutoka Córdoba, Hispania, mabinti wa mpiga gitaa la flamenco (muziki wa jadi wa Hispania) aliyejulikana kama El Tomate, yaani Nyanya, na ndiyo asili ya jina la kundi, kwa kuwa ketchup ni sosi ya nyanya. Kiitikio chao, ambacho wengi hudhani ni Kihispania, ni maneno yasiyo na maana yanayoigiza sauti za wimbo wa rap wa Kimarekani, Rapper's Delight.

Jibu: Naongeza kwamba mwaka 2006, wakiwa wanne baada ya dada yao Rocío kujiunga, waliiwakilisha Hispania katika shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, Eurovision, mjini Athens, wakashika nafasi ya 21. Kwa maoni yangu, Aserejé ilibebwa mno na uchezaji wake wa mikono, ambao hata watoto wadogo waliuiga, na bahati ya namna hiyo ni vigumu kuirudia.

Muulizaji: Nashukuru sana. Habari ya kiitikio imenifurahisha kuliko yote.