Mchumba yuko Goma vitani, mimi niko likizo Paje: nimwandikieje?

Bi_Kanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Paje, Zanzibar, likizo ya siku 14. Mchumba wangu ni Mkongomani, yuko Goma, raia wa kawaida tu, fundi pampu. Simu mara inapatikana mara haipatikani, na ujumbe wa WhatsApp unakaa tiki moja hata siku tatu. Nauliza mawili: nitumie njia gani zifike, na niandike nini? Kila nikianza naona aibu kumtajia bahari na yeye analala akisikia risasi. Mizaha tuweke kando, naomba.

Fundi_Laini
Dada, kwanza tiki moja isikupandishe presha. Ujumbe umefika kwenye seva, simu yake ndiyo haijashika intaneti: imezima, bando limeisha, au mnara hauna umeme. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 umeme na maji vilikatika. Mnara bila umeme unaishi kwa betri na jenereta, na jenereta bila dizeli ni chuma tu.

WhatsApp inautunza ujumbe ambao haujapokelewa hadi siku 30. Kwa hiyo usirudie kutuma kila saa. Akiwasha simu vyote vitamwagika kwa mkupuo, na kabando kake kataishia hapo.

Kosa la wengi: wanaweka ujumbe wa kujifuta baada ya saa 24. Saa zinaanza kuhesabiwa ulipotuma, siyo aliposoma. Asipofungua WhatsApp siku nzima, barua imeyeyuka hata hajaiona. Weka siku 7 au 90.

Na tuma maandishi. Barua ya herufi 2,000 ni kama kilobaiti 2 hivi; picha moja, hata ikishabanwa, inakula mara hamsini ya hapo au zaidi. Intaneti ikikatika kabisa rudi kwenye SMS ya kawaida, ila kumbuka SMS haina ulinzi kama wa WhatsApp, kampuni ya simu inaweza kuisoma.

Mtu_wa_Ziwa
Nyongeza. Muulize ni laini ipi inashika kwa sasa. Goma imepakana na Gisenyi, mtandao wa Rwanda unavuka mpaka, hivyo wengi wana +243 na +250. Hifadhi zote mbili.

La pili ndilo zito. Simu hukaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Andika ukijua barua inaweza kusomwa na mtu wa tatu mwenye bunduki begani. Usitaje mtaa anaolala, njia atakayopita, wala jina la kundi lolote lenye silaha, uwe unalisifu au unalitukana. Video za vita za kwenye magrupu usimrushie. Na majina ya mahaba jamani! Huku kwetu kumwita mpenzi "kamanda wangu" ni utani mtamu; kizuizini ni swali la nusu saa. Mwite kwa jina lake.

Saa nayo: Goma iko nyuma yetu kwa saa moja, na wengi huko wanahesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa. Ukiandika "saa moja jioni" mtapishana. Andika tarakimu, "19:00 ya kwako", yaani saa ya Goma. Na likizo kwao ni konje.

Mzee_Barua
Bibie, usifiche kwamba uko likizo. Akija kugundua ataona ulimwonea huruma kama mgonjwa. Mwambie mara moja, kwa sentensi moja, basi. Kisha kila barua ichukue kitu kimoja kidogo ulichokiona kwa macho yako. Hapo Paje bamvua likija maji yanatoka mbali, wanawake wanashuka na magunia kuvuna mwani, vigingi vinasimama kwenye mchanga mweupe na kamba zimelegea. Hilo mwandikie. Picha ya sahani ya kamba na glasi yenye mwavuli, achana nayo, hata kwenye stetasi.

Uliza maswali anayoweza kuyajibu kwa neno moja. "Hali ikoje huko?" linamchosha, na jibu lake ndilo lile asilotakiwa kuandika. "Ile pampu ya jirani ilipona?" linajibika. "Mbona hujibu?" lifute kabisa, na usimwahidi vita vitaisha lini.

Zipe barua namba: B1, B2, B3. Zikifika kwa fujo atazipanga, na ikikosekana B2 atajua ipo. Hata barua za askari wetu waliokuwa Burma Vita Kuu ya Pili zilipita kwa wakaguzi kwanza, kuandika ukijua unasomwa siyo jambo geni. Raia waliotenganishwa na vita hiyo walipewa maneno 25 tu kwenye fomu ya Msalaba Mwekundu. Huduma ya namna hiyo bado ipo: kimya kikizidi, nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu. Barua inakuwa wazi, bila bahasha, habari za kifamilia tu.

Mwana_Tanga
Nawapinga kidogo. Mapenzi ni sauti, maandishi matupu yanakauka.

Fundi_Laini
Sauti sawa, sekunde 20, mara moja kwa wiki. Shida yake haisomeki kimyakimya: akiwa kwenye nyumba iliyojaa wakimbizi au kizuizini inachezwa kila mtu asikie. Na usiirekodi karibu na baa yenye muziki.

Bi_Kanga
Shukrani sana wakuu. Hii hapa ya SMS, nikosoeni:

"B3. Leo bamvua, maji yametoka hadi vigingi vya mwani vinaonekana. Bahari inang’aa. Nakuwaza. Kama chaji ni ndogo usijibu. Kesho 19:00 ya kwako. Nakupenda."

Mzee_Barua
Hapo kwenye chaji umemaliza. Usiguse neno.

Fundi_Laini
Neno hapana, ila alama moja. Hiyo ’ ya kupinda kwenye "inang’aa" simu imejiwekea yenyewe, na haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ikiwemo, kikomo kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe wako wa herufi 154 unakatwa vipande vitatu. Kimoja kikipotea hataupata mzima. Kopa, ile emoji ya moyo, inafanya vilevile. Bonyeza alama hiyo kwa muda, chagua ile iliyonyooka ('), utakwenda mzima.