Opena ya mtindo wa Viking: joka limetoka, chupa haifunguki. Naomba ushauri

MhunziWaJumamosi:
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi si mhunzi wa kula kwa nyundo. Wiki nzima niko mezani na karatasi, Jumamosi ndiyo nawasha makaa nyuma ya nyumba. Fuawe yangu, yaani chuma ninachofulia juu yake, ni kipande cha reli. Nina nyundo ya kilo moja, koleo mbili na blowa ya kuzungusha kwa mkono. Nilianza na misumari na ndoano, sasa nimeshikwa na wazimu wa opena za mtindo wa Viking, wale mabaharia wavamizi wa kale wa Skandinavia: huku pete ya kufungulia, katikati shingo iliyosokotwa, na kule mwisho kichwa cha joka.

Nimefua nne. Ya kwanza ilipasuka ukingo wa pete wakati napanua tundu. Ya pili tundu lilitoka zuri, duara kabisa, lakini nikiiweka kwenye chupa kizibo kizima kinapita katikati na opena inabaki inaning'inia shingoni kama mkufu. Ya tatu inashika vizuri, ila ulimi, kile kijino cha ndani ya pete kinachonyanyua kizibo, ulijikunja kwenye chupa ya pili. Ya nne inafungua. Tatizo la hiyo ya nne ni joka lenyewe. Mke wangu kaigeuza mkononi, kaniuliza, "Huyu bata ana nini mdomoni?"

Chuma ninachotumia ni chuma laini, mraba wa milimita 12, isipokuwa ile ya kwanza ambayo ilikuwa kipande cha springi ya gari. Nataka pia kuchonga jina langu kwa runi, zile herufi zao za kale, pamoja na ile alama ya dira ya Viking. Nakosea wapi?

Nyundo Tatu:
Weka picha ya bata kwanza, mengine baadaye 😂

Koleo Refu:
Nianze na hiyo ya pili, maana hilo kosa tulilifanya wengi. Tundu lako lina milimita ngapi?

MhunziWaJumamosi:
Nimepima sasa hivi mkuu. 33.

Koleo Refu:
Basi umefua bangili. Kizibo kikiwa kimebanwa chupani kina upana wa kama milimita 29. Tundu la 33 litakimeza chote.

Iangalie opena kama wenzo, usiiangalie kama pete. Ulimi unaingia chini ya meno ya kizibo, upande wa mpini. Ukingo wa mbele wa tundu unakaa juu ya kizibo, ukipita katikati kidogo. Ukiinua mpini, ule ukingo unakandamiza na ulimi unanyanyua. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni kimoja tu: kutoka ncha ya ulimi hadi ukingo wa mbele. Mimi nakiweka kati ya 20 na 22. Kikizidi, ukingo unakosa pa kukanyagia. Kikipungua sana, kizibo kinakunjika katikati na hakitoki. Upana wa kulia kwenda kushoto haunisumbui, hata uwe 30. Tundu liwe yai lililolala kuikata njia ya mpini.

Hiyo ya pili usiitupe. Pasha pete ifike rangi ya chungwa, shika mpini, kisha itwange juu ya fuawe kama unavyotwanga kwa mchi, ncha ya pete ikiwa chini. Itabonyea yenyewe iwe yai. Twanga mara mbili, pima kwa kizibo, twanga tena. Kaa na kizibo kimoja mfukoni siku zote. Ndicho rula yangu, na nimeshakihesabu meno: 21.

Ulimi wa ile ya tatu ulikuwa mwembamba kiasi gani?

MhunziWaJumamosi:
Kama milimita 2 hivi. Niliusaga na tupa uwe mkali, nikadhani ndivyo utakavyoingia vizuri.

Koleo Refu:
Hapo ndipo ulipoharibu. Ulimi hauhitaji makali, unahitaji nyama. Shinani uwe na 4 au 5, unapungua taratibu hadi 2 pale nchani, na ncha yenyewe uiviringishe kidogo. Ulimi mkali unakula mdomo wa chupa, na kipande cha kioo kikimegukia ndani hukioni.

Hiyo nyama uiache mapema. Unapotoboa, sogeza tundu mbele kidogo ili upande wa mpini ubaki mnene, halafu chukua tindo butu uisukume ile nyama iingie tunduni. Ukitoboa katikati kabisa halafu ukautafute ulimi baadaye, utaupata kwa kukonda.

Mama Makaa:
Mwanangu, ile ya kwanza ya springi. Kila ukiitoa motoni ulikuwa unaipoza kwenye maji?

MhunziWaJumamosi:
Shikamoo mama. Ndiyo, upande wa mpini ulikuwa unaniunguza, kwa hiyo nilikuwa naichovya yote halafu naendelea.

Mama Makaa:
Marahaba. Nilijua. Springi ina kaboni nyingi, na chuma cha namna hiyo ukikichovya majini kikiwa chekundu kinakuwa kama kioo. Nyufa nyingine ni ndogo, huzioni, zinasubiri upanue tundu ndipo zifunguke. Chuma laini kinakusamehe, springi haikusamehi. Baki na hicho chuma laini, opena si kisu, haina haja ya ugumu wa springi. Na kama mpini unakuunguza, shika kwa koleo ndefu au mwagia maji mpini peke yake.

Halafu uangalie rangi. Kutoboa na kupanua kunataka chungwa kuelekea njano, kama nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi. Kikishuka kuwa damu ya mzee, acha nyundo, kirudishe motoni. Watu wa Jumamosi wana tabia ya kuiba vipigo viwili vya mwisho, "ngoja nimalizie", na ufa unazaliwa kwenye vipigo hivyo viwili. Ila pia usikisahau humo ndani mpaka kitoe cheche kama fataki. Hapo kimeungua, kata utupe.

Kutoboa kwenyewe: piga panchi upande mmoja hadi usikie mlio umebadilika, yaani fuawe inajibu. Geuza. Utaona doa jeusi la duara mahali panchi ilipokaribia kutokea, kwa sababu pale chuma kimegusana na fuawe kikapoa haraka. Weka panchi juu ya hilo doa, piga, kidonge kinadondoka. Panchi ichovye majini kila baada ya vipigo vitatu vinne, na tia unga kidogo wa makaa ndani ya shimo isinase. Kabla ya yote hayo ondoa kona kali kwenye ncha ya chuma, iwe mviringo. Kona kali ndiyo mlango wa ufa.

Msoma Mawe:
Nami nichangie upande wa Viking wenyewe, maana naona dira imetajwa.

Mkuu, hao jamaa hawakuwa na vizibo. Enzi yao huhesabiwa tangu uvamizi wa kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 hadi 1066. Kizibo cha meno alikipatia hataza William Painter, Marekani, mwaka 1892. Kwa hiyo hakuna opena ya Viking ya kuiga popote, una uhuru wako. Ila ukisema "mtindo wa Viking", basi mapambo yawe yao. Hiyo "dira", Vegvísir, tunaijua kutoka hati ya Iceland iliyoandikwa mwaka 1860. Ukiipenda ichonge, lakini usimwambie mtu kwamba ilikuwa merikebuni.

Runi ziko salama. Kuwa mwangalifu na jambo moja tu: seti ya herufi 24 inayosambaa mitandaoni ni ya kale zaidi. Viking wenyewe waliandika kwa seti fupi ya herufi 16, hivyo sauti kadhaa za jina lako zitagombania herufi moja. Uzuri wake kwa mhunzi ni kwamba karibu zote ni mistari iliyonyooka. Tindo moja bapa inakuandikia jina zima, hata kupinda huhitaji.

Na kama bata anakutesa, achana na mdomo. Tazama picha za meli ya Oseberg, iliyofukuliwa Norway mwaka 1904, ambayo chumba chake cha maziko kilijengwa kwa miti iliyokatwa mwaka 834. Ncha ya meli ile ni nyoka aliyejiviringisha. Kwako wewe hiyo ni kuchonga ncha ndefu na kuikunja kizingo, kichwa kidogo katikati. Utapata sura ya zama zile bila hata kupasua taya.

Nyundo Tatu:
Mimi ningependa joka libaki. Bata anatokea hivi: umepiga ncha ikawa bapa, mdomo ukatanuka kulia na kushoto. Mdomo wa joka unataka kimo, upana hapana. Kigeuze chuma ubavu kabla ya kupasua taya, ili ukikitazama kwa pembeni ndipo uone taya mbili, juu na chini. Na macho yapige kabla ya kupasua. Ukipasua kwanza, panchi ya jicho inaliponda taya la chini.

Tupa Butu:
Kumalizia: pasha, chovya kwenye oili chafu ya injini, inatoka nyeusi safi kabisa. Bure.

Mama Makaa:
Tupa Butu, kitu hicho kinagusa mdomo wa chupa na mtu anaweka mdomo wake hapohapo. Oili ya injini ina masizi na mabaki ya vyuma. Hapana.

Nta ya nyuki. Sugua kwanza kwa brashi ya waya mpaka magamba yote yatoke, pasha kidogo tu, chuma kisiwe chekundu hata gizani. Gusisha nta: ikiyeyuka na kutoa moshi mwembamba, uko sawa. Ikiwaka moto, umezidisha. Futa kwa kitambaa. Wanaotumia mafuta ya kitani sina ugomvi nao, ila vitambaa vyake msivikunje mkavirundika kona ya karakana. Vinajipasha vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje au vizamishe kwenye maji.

Tupa Butu:
Sawa mama. Ila kwa bawaba za geti nitaendelea na oili yangu.

MhunziWaJumamosi:
Wakuu, nimerudi baada ya Jumamosi mbili.

Ile bangili nimeitwanga. Ilinichukua mioto mitatu, nimepima 21, imefungua chupa sita mfululizo. Nilipoisikia ya kwanza inasema *psh* nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nimefua pia mpya kabisa, tundu nimelisogeza mbele kama alivyosema Koleo Refu, ulimi mnene, haujajikunja. Doa jeusi nimeliona kwa macho yangu! Siku zote nilikuwa natoboa kwa kubahatisha.

Mkiani nimeweka kizingo cha Oseberg. Mke wangu kasema bata amekuwa konokono. Joka la ubavu nitalijaribu wiki ijayo.

Limebaki moja: msokoto wa shingo. Karibu na jiliwa, kile kibanio cha mezani, umebana sana, juu umelegea.

Mama Makaa:
Moto wako hauko sawasawa, sehemu yenye joto zaidi ndiyo inayojisokota kwanza. Pasha shingo yote irudi rangi moja. Ukianza kuzungusha na ukaona mahali panakimbia, pamwagie maji kidogo hapo tu, pakaze, kisha endelea kuzungusha, ile sehemu iliyolegea itafuata. Ni chuma laini, hakitadhurika. Birika kuukuu la chai lenye mdomo mwembamba ndilo ninalotumia.