Msaada: mchezo wa kujenga jiji kwenye Arduboy, RAM inaisha na kifaa kinajiwasha upya

Fundi_Pikseli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza mchezo wa kujenga jiji, mtindo wa SimCity ya 1989, kwenye Arduboy. Kwa asiyekijua: ni kifaa cha ukubwa wa kadi ya benki, prosesa ATmega32u4 ya MHz 16, RAM (kumbukumbu ya kazi) baiti 2,560, EEPROM (kumbukumbu isiyopotea kifaa kikizimwa) baiti 1,024, skrini nyeusi na nyeupe ya pikseli 128 kwa 64, vitufe sita.

Ramani ni vigae (miraba) 32 kwa 32, baiti moja kila kigae. Kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) inasema RAM imeshatumika baiti 2,290. Shida zangu:

1. Nikivuta nyaya ndefu za umeme, skrini inajaa takataka kisha kifaa kinajiwasha upya. Fanksheni ya kusambaza umeme inajiita yenyewe pande nne.
2. Hazina ikikaribia 33,000 ghafla inakuwa deni.
3. Nataka ramani kubwa zaidi, 48 kwa 48, na sioni pa kuiweka.

Baiti_Moja

Mkuu, anza na hesabu. Skrini peke yake inakula baiti 1,024 kama bafa (sehemu ya RAM picha inapochorwa kabla ya kuonyeshwa), kwa hiyo una 1,536 za kuishi nazo. Ramani ya 48 kwa 48 ni vigae 2,304. Kwa baiti moja moja haiingii hata ukiomba dua.

Kosa ni kuhifadhi kigae kizima. Vunja vunja hivi:

Maji na nchi kavu havibadiliki, kwa hiyo visiguse RAM. Viweke PROGMEM (yaani kwenye flashi, inapokaa programu), biti moja kila kigae, baiti 288 kwa ramani moja. Ukitaka ramani tatu ni 864 za flashi, na flashi unayo 28,672 ukishatoa nafasi ya butiloda (programu ndogo inayopokea michezo kupitia USB).

Barabara na nyaya ni biti mbili kwa kigae: 2,304 × 2 ÷ 8 = baiti 576.

Majengo yakae kwenye orodha, si kwenye ramani. Jengo la vigae 3 kwa 3 lina kona moja tu ya kukumbuka. X biti 6, Y biti 6, aina biti 4, hizo ni baiti 2. Ya tatu ni bendera, yaani biti za ndiyo au hapana (lina umeme, linaungua), na kiwango, ya nne idadi ya watu. Majengo 100 ni baiti 400.

Jumla 976. Ongeza 32 za hazina, tarehe na kodi, unafika 1,008. Shika hiyo namba, utaihitaji kwenye kuhifadhi.

Mzee_wa_Rejista

Hilo la kujiwasha upya ni steki, sehemu ya RAM ambako fanksheni zinazoitana huweka kumbukumbu zao. Una baiti 270 zilizobaki, na maktaba (kodi ya Arduboy iliyoandikwa tayari) pamoja na USB nazo zinazitaka. Kila fanksheni inapojiita inaweka anwani ya kurudia na rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) ilizozihifadhi. Hata ikila baiti 10 tu, ukifika kina cha 27 steki imeshaanza kukanyaga vigeu vyako. Waya wa vigae 30 unatosha kuua. Ndiyo maana nyaya fupi hazileti shida.

Dawa ni foleni ya vigae vinavyosubiri kuangaliwa, badala ya kujiita. Utauliza foleni ikae wapi na RAM imejaa? Ikae ndani ya bafa ya skrini. Ukishaita `display()` (amri ya kutuma bafa kwenye skrini), picha imeshakwenda kwenye skrini, na zile baiti 1,024 ni kiwanja kitupu mpaka uanze kuchora fremu inayofuata. Fanya hivi kati ya `display()` na uchoraji:

Kwanza, baiti 288 za mwanzo za bafa ziwe ramani ya biti ya kila kinachopitisha umeme: nakili nyaya, kisha pitia orodha ya majengo mara moja na uwashe biti 9 za kila jengo. Usiruke hatua hii. Ukitafuta jengo kwenye orodha kwa kila kigae, ni vigae 2,304 mara majengo 100, fremu itaganda.

Pili, baiti 736 zilizobaki ni foleni ya mzunguko (ikifika mwisho inarudi mwanzo), nafasi 368 za baiti mbili. Ingiza kituo cha umeme kwenye foleni, zima biti yake; kisha kwa kila kigae unachotoa kwenye foleni, angalia jirani wanne, kila mwenye biti inayowaka mzime na mwingize kwenye foleni. Biti iliyozimwa maana yake umeshafika, huhitaji ramani ya pili ya kumbukumbu.

Foleni ikiisha, jengo ambalo biti yake bado inawaka halina umeme. Andika kwenye bendera yake. Kisha safisha bafa, vinginevyo utaona mbegu mbegu kwenye skrini.

Usifanye hivi kila fremu. Mchezaji akigusa nyaya au akibomoa tu, basi.

Kichwa_Maji

Si anunue tu Arduboy FX, toleo lenye hifadhi kubwa? Ina chipu ya MB 16.

Baiti_Moja

Hiyo MB 16 ni flashi ya nje. RAM ni ile ile 2,560. Picha na ramani utapata tele, tatizo lake linabaki palepale.

Nyota_Kijani

Hazina: kwenye AVR (familia ya prosesa hii) `int`, namba nzima ya kawaida, ni biti 16, mwisho wake 32,767, ukiongeza moja unaruka kwenda hasi. Tumia `int32_t` (namba nzima ya biti 32) kwa hazina peke yake, gharama ni baiti 4. Usiisambaze kila mahali, hesabu za biti 32 zinavimbisha programu. Na usiguse `float` (namba zenye desimali) hata kwa kodi. Asilimia 7 ni zidisha kwa 7 gawa kwa 100.

Jingine ambalo wengi hawalijui: prosesa hii inasogeza biti moja moja. `1 << n` (kusogeza 1 mara n) inageuka kitanzi. Ukisoma ramani ya biti maelfu ya mara, weka jedwali la baiti 8 (1, 2, 4, 8 … 128) usome humo.

Ukuaji wa jiji, shughulikia jengo moja kila fremu. Kwa `setFrameRate(30)`, yaani fremu 30 kwa sekunde, majengo 100 yanazungukwa ndani ya sekunde 3 na ushee, macho hayatambui.

Fundi_Pikseli

Dah, hiyo ya bafa sikuiwaza kabisa. Kuhifadhi je? Nilitaka ijihifadhi yenyewe kila dakika.

Mzee_wa_Rejista

Hapana. EEPROM baiti 16 za mwanzo ni za mfumo, unabaki na 1,008, ndiyo ile namba. Ndani ya zile 32 tenga 2 za alama ya mchezo wako, la sivyo utafungua data ya mchezo wa mtu mwingine ukadhani ni jiji. Kuandika baiti moja ni takribani milisekunde 3.4, zote ni sekunde tatu na nusu kifaa kimeganda, na kila seli inahakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Weka kwenye menyu, mchezaji aamue, na tumia `EEPROM.update`, inaruka baiti ambazo hazijabadilika.

Nyota_Kijani

Na ukibana flashi kwa kutumia `boot()` (kuanza kwa ufupi) badala ya `begin()`, ongeza `safeMode()` (mlango wa dharura wa kupakia programu) mara baada yake. Bila hiyo, programu ikiganda mwanzoni USB haiitiki na kupakia toleo jipya kunakuwa kazi ya kuvizia kitufe cha kuanzisha upya.

Fundi_Pikseli

Nimebadilisha umeme kwenda foleni. Waya wa vigae 140 umepita. Mbegu mbegu ninaziona, nilisahau kusafisha.